Hatua Kumi na Mbili Kutoka Mlangoni

Gerishon alikataa kuingiza trekta kichakani kabla hajakitembea kwa miguu yake mwenyewe. Aliizima pembeni mwa barabara, akashuka polepole kama mtu mwenye mgongo wa kubembeleza, akaomba fimbo.

"Slasha haina macho, Mama Atong," alisema. "Inakata chochote inachopewa. Macho ni haya yangu mawili, na moja lenyewe limeanza kunidanganya."

Akuac alimpa fimbo aliyokuja nayo kwa ajili ya nyoka. Hata sasa hakuwa amezoea kuitwa Mama Atong. Atong wa leo alikuwa na miezi tisa, amefungwa mgongoni kwa leso, ananyonya kola ya blauzi ya mama yake mpaka imelowa. Atong wa kwanza, aliyempa huyu jina, alikuwa mama mzazi wa Akuac. Naye alikuwa amelala humo ndani ya kichaka, na hakuna mtu aliyeweza kuonyesha kwa kidole kwamba ni pale.

Kiwanja kilikuwa ng'ambo ya daraja la Juba, mbele kidogo ya Sherikat, pale ambapo maduka yanaisha na nyasi zinaanza. Baba yao alikinunua enzi za uhai wake. Mama akakijengea nyumba mbili za msonge, akapanda bamia, akafuga mbuzi wawili wasiosikia. Kisha ikaja Julai ya mwaka elfu mbili na kumi na sita, zile siku za mapigano ambazo hakuna aliyethubutu kuvuka daraja. Mama alishikwa na homa, na dawa zilikuwa upande wa pili wa mto. Siku ya nne homa ikamaliza kazi yake.

Majirani wawili walichimba haraka, huku masikio yao yako barabarani. Akuac alikuwa na miaka kumi na mitano. Hakukuwa na padri wala mbao. Alikwenda kwenye ua wa jirani, akakata vijiti viwili, kimoja kirefu kimoja kifupi, akang'oa mkono wa waya wa ndoo ya kijani ambayo mama alikuwa akichotea maji, akavifunga kwa waya ule vikawa msalaba. Aliukunja waya kwa jiwe. Akauchomeka msalaba ardhini, mvua inanyesha. Halafu, kwa kuwa alijua wanaondoka na hajui watarudi lini, alirudi mpaka kwenye mlango wa nyumba akahesabu hatua kutoka mlangoni hadi msalabani, uso ukielekea darajani. Kumi na mbili.

Namba hiyo aliibeba kwenye lori hadi mpakani, akaibeba kambini Kakuma, akaibeba Kitale, ambako mchana alifulia watu nguo na jioni alikaa darasani na watu wazima wenzake, mikono bado inanuka sabuni. Kuna usiku alisahau sauti ya mama yake. Namba hakuisahau hata mara moja.

"Kwa hiyo tunatafuta msalaba," Gerishon alisema.

"Msalaba wa vijiti. Ulinifika hapa," Akuac aligusa kiuno. "Wakati ule."

"Miaka tisa, mama. Mchwa wa Juba wanakula hata mlango wa gari."

"Basi hata alama ya udongo. Hata kama ni kijiti kimoja."

Thiik, kaka yake, alikuwa amesimama kando akitazama saa. Alikuwa mrefu kupita wote, dereva wa lori la mchanga, na Kiswahili chake alikiokota kwa wafanyabiashara wa Uganda pale soko la Custom. Mama alipofariki, yeye alikuwa Khartoum. Habari zilimfikia kwa simu baada ya wiki mbili, na tangu siku hiyo hakuwahi kumwuliza mdogo wake swali hata moja juu ya maziko yale. Alichosema ni habari za kujenga: vyumba vinne, viwili vyako, viwili vyangu, uhame kile chumba cha kupanga Kator, mtoto akue kwenye ua wake. Vigingi vya msingi tayari vilikuwa nyuma ya lori lake, vimefungwa kwa kamba.

"Mzee, wewe iko natembea mpaka Krismasi?" alimpigia kelele Gerishon. "Jumatatu mafundi nakuja kuchimba. Yalla, washa hii kitu."

"Bwana mkubwa, hicho Kiswahili chako ungekilipia ushuru mpakani wangekurudisha nacho," Gerishon alijibu bila kugeuka. "Ngoja kwanza."

Akuac alicheka, na akashangaa kwamba amecheka. Lakini ile Jumatatu ilikuwa keshokutwa. Alikuwa amemwambia Thiik wazi: hawezi kulala kwenye chumba ambacho hajui kama kimejengwa juu ya mama. Na Thiik alikuwa amemjibu kwamba kama Jumamosi hii kaburi halitaonekana, basi halitaonekana tena, na walio hai nao wanahitaji paa. Wala hakusema kwa ubaya. Alisema akiangalia pembeni.

Gerishon alikizunguka kichaka, kisha akakipasua katikati, akipigapiga fimbo mbele yake. Watu wa kutegua mabomu walikuwa wamepita mwezi wa pili na vyombo vyao vya kulialia, wakaacha karatasi kwamba pako salama, lakini yeye alitafuta mengine: visiki, vichuguu, shimo la choo cha zamani. Kila alipopata kitu alifunga kipande cha kitambaa chekundu kwenye tawi. Alirudi baada ya nusu saa, suruali imejaa mbegu za kung'ang'ania.

"Choo kimoja, vichuguu vitatu. Msalaba sijauona. Sasa nisikilizeni. Nitakata mara mbili. Mara ya kwanza juu, urefu wa goti, ili kama kuna kitu chini kisiguswe. Mtaona sura ya ardhi. Mara ya pili ndiyo ya kunyoa. Na mashine ikizunguka sitaki mtu karibu. Ikirusha jiwe, haiulizi jina."

"Na miti?" Thiik aliuliza.

"Mti mwembamba kama kifundo cha mkono wa huyu dada, inakula. Mnene kuliko hapo nauzunguka. Sivunji visu vya watu."

Walirudi nyuma mpaka barabarani. Trekta ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, na ile slasha, bamba pana la chuma lenye minyororo inayoning'inia nyuma kama shanga za mlango, ikaanza kuvuma. Atong alishtuka mgongoni, akafikiria kulia, akaghairi. Nyasi zilizokuwa zinamzidi Thiik urefu zilianza kulala. Vimigunga vichanga vilipasuka kwa sauti kama kuni kavu. Panzi waliruka juu, na ndege wawili weupe wakatokea sijui wapi, wakaanza kutembea nyuma ya trekta kama wenye kazi.

Akuac alinyoosha shingo. Kila ukanda uliofunguka aliupitia kwa macho kutoka mwisho hadi mwisho. Alikuwa amejiambia njia nzima, tangu alipopanda boda Kator, kwamba asitegemee sana. Lakini moyo haukumsikiliza. Ulikuwa umekwisha kuona msalaba umesimama pale, mkavu, umepinda kidogo kushoto kama alivyouacha, unamsubiri.

Baada ya muda, Gerishon alipoanza kunyoa kwa mara ya pili, ardhi ilianza kuonyesha sura yake kweli. Duara moja la udongo uliokwatuka: nyumba ya kwanza. Duara jingine: jiko, ama zizi, hakuwa na hakika. Sufuria iliyotoboka. Na miti michache ambayo Gerishon aliizunguka, mwarobaini mmoja, migunga mikubwa miwili, na mlonge mrefu wenye majani laini, uliosimama peke yake kama mtu aliyefika kwenye sherehe mapema.

Msalaba haukuwapo.

"Mafi," Thiik alisema kwa sauti ya chini. Hakuna.

"Hajamaliza."

"Akuac. Nabaki pembe moja tu."

Hapo ndipo slasha iliposema *ngaa!*, cheche zikaruka, mvumo ukakatika mara moja. Trekta ikabaki inanguruma bila kukata. Gerishon alizima injini. Ikasikika sauti yake akiwatukana mababu wa mtu fulani kwa Kikamba.

"Njooni!" aliita. "Sasa mnaweza kuja. Pini imekatika. Ndiyo kazi yake, inakatika yenyewe ili vingine visivunjike. Ila mnipe nusu saa."

Kilichoigonga kilikuwa jiwe pana, jeusi, lililozama ardhini, na katikati yake kuna bonde laini. Akuac alipiga magoti kabla hajajua anafanya nini. Aliingiza kiganja kwenye lile bonde, kikaenea. Jiwe la kusagia. Mama alilisagia mtama na karanga, na lilikaa siku zote upande wa kulia wa mlango, kwa sababu mama alipenda kusaga huku anaona nani anapita.

"Kaka! Mlango ulikuwa hapa. Hapa hapa!"

Thiik alikuja kwa hatua kubwa, akalitazama jiwe. Uso wake ulibadilika, ukarudi haraka kama ulivyokuwa.

"Sawa," alisema. "Hesabu."

Mtoto alikuwa amesinzia. Jua lilikuwa limepanda, na kwenye kiwanja kilichokatwa kivuli cha karibu kilikuwa cha ule mlonge, chepesi, chenye matundu. Akuac alitandika leso chini yake, akamlaza Atong, akamfunika miguu dhidi ya nzi, akarudi mbio mpaka kwenye jiwe. Alisimama pale ambapo mlango ulikuwa. Alielekeza uso darajani. Akafunga macho, kisha akayafungua, maana ardhi ilikuwa imejaa visiki.

Moja. Mbili. Midomo yake ilihesabu kwa Kidinka bila kuamriwa. Saba. Nane. Alipita kando ya mlonge na mtoto, hakuwatazama. Kumi. Kumi na moja.

Kumi na mbili.

Alikuwa amesimama juu ya nyasi zilizokatwa. Udongo ulikuwa tambarare kama mkeka. Hapakuwa na tuta, hapakuwa na bonde, wala kijiti. Alikwatua kwa kidole cha mguu. Alipiga magoti akapekua nyasi kwa mikono miwili, akaenda kushoto, akaenda kulia. Alipata kipande cha chupa. Alipata mfupa wa kuku au wa ndege.

"Labda wewe hapana elekea daraja," Thiik alisema.

"Nilielekea."

"Labda iko ishirini na mbili."

"Thiik! Miaka tisa nailala hii namba na kuamka nayo. Ni kumi na mbili."

Alikuwa amepaza sauti. Gerishon, aliyekuwa amelala chini ya slasha na spana mkononi, aliacha kugonga. Mtoto akaamka na kulia, kilio cha njaa, kile kinachoanza chini na kupanda ngazi.

Thiik alijifuta uso. "Mimi hapana nataka gomvi," alisema. "Lakini wewe naona. Sisi nakata, sisi nahesabu. Kalas, basi, Akuac. Sisi naita padri kutoka Kator nabariki kiwanja kizima, kila mahali. Mama nasikia."

Alikuwa anasema kweli, na alikuwa anasema kwa upole, na hilo ndilo lililomvunja nguvu. Akuac alikwenda kwa mtoto. Alimwinua, akakaa chini, akaegemea shina la mlonge, akafungua vifungo vya blauzi. Atong alidaka ziwa kwa hasira kama aliyecheleweshewa haki yake. Akuac alitazama mbele, upande wa daraja. Machozi yalikuja bila kelele. Alikuwa amemwahidi huyu mtoto, kabla hata hajazaliwa, kwamba atampeleka kwa mwenye jina lake. Kwao mtoto aliyerithi jina hupelekwa, anawekwa mbele ya mwenyewe, anatajwa. Kama mwenye jina ni marehemu, anapelekwa pale alipolala. Sasa angempeleka wapi? Kwenye kiwanja kizima, kila mahali?

Kitu kilikuwa kinamchoma mgongoni.

Alisogea. Kikamchoma tena, chini ya bega la kushoto. Alifikiri ni kisiki cha tawi. Alipeleka mkono nyuma, akapapasa. Gome la mti lilikuwa limevimba pale, limejikunja kama mdomo uliofumba, na katikati ya ule mdomo kulikuwa na kitu baridi. Waya. Aliufuata kwa kidole. Waya uliingia ndani ya mti, ukapotea, ukatokea upande wa pili. Na palipotokea, nusu imemezwa, nusu imechungulia, kulikuwa na kishikio kidogo cha plastiki, mviringo, kama vile vya kwenye mkono wa ndoo ili isikate vidole.

Aligeuka, mtoto bado ziwani, akakitazama. Jua lilikuwa limekichakaza kwa nje. Alikikwangua kwa ukucha.

Kijani.

"Mzee Gerishon!" aliita. "Huu ni mti gani?"

"Huo? Si mlonge huo." Alitoka chini ya mashine, mafuta hadi viwiko. "Kwetu Kibwezi watu wanajengea ua. Unakata tawi bichi, unachomeka wakati wa mvua, linashika. Fensi inayoota yenyewe. Kwa nini?"

Akuac alimwonyesha. Gerishon alikuja, akainama, akachungulia ule waya kwa lile jicho zima. Akaanza kutikisa kichwa, na tabasamu likamtoka kidogo kidogo.

"Ulisema vijiti ulivitoa wapi?"

"Kwenye ua wa jirani."

"Ua wa jirani! Msichana anakata mlonge mbichi, anausimika katikati ya mvua za Julai, halafu anarudi baada ya miaka tisa anatafuta kijiti cha kiunoni!" Alipiga paja. "Na mimi nimeuzunguka asubuhi nzima, nikasema huu ni mnene, huu tuuache. Mama Atong, msalaba wako umekuzidi urefu mara tatu."

"Lakini hatua..." Akuac alisema. "Nilihesabu kumi na mbili."

Gerishon alitazama miguu yake, akatazama jiwe la kusagia. "Ulikuwa na miaka mingapi? Na siku ile ulikuwa unatembea vipi?"

Akuac alikumbuka jinsi alivyotembea. Alitembea kama mtu anayebeba maji yaliyojaa hadi ukingoni, kisigino karibu kiguse kidole, kwa sababu kila hatua aliyopiga kutoka mlangoni ilikuwa inammalizia njia.

Thiik alikuwa bado amesimama kule walikoishia kuhesabu. Alikuwa amesikia. Hakuja mara moja. Alikwenda kwanza kwenye lori, wakadhani anaondoka, lakini alirudi na panga dogo la mkononi. Alikuja mpaka chini ya mlonge, akaugusa ule waya kwa kidole kimoja, kama mtu anayegusa sufuria kujua ikiwa ina moto. Yule mtu mrefu akakunjika, goti moja, kisha la pili.

"Mzee," alimwambia Gerishon bila kumtazama, "hapa wewe hapana leta mashine. Hapa mimi nakata."

"Sawa, bwana mkubwa," Gerishon alisema. Safari hii hakukitania Kiswahili chake. Aliokota spana yake akarudi kwenye pini, akaanza kugonga taratibu kuliko ilivyohitajika.

Thiik alizikata nyasi zilizobaki kuzunguka shina, kwa mkono, shina kwa shina, akizikusanya upande. Alikwenda polepole. Alipomaliza duara, palionekana kwamba udongo pale, chini kabisa, ulikuwa umeinuka kidogo, upana wa mtu aliyelala. Mizizi ilikuwa imeushikilia.

Akuac alimtoa mtoto ziwani, akamfuta mdomo, akamkalisha juu ya ule udongo, huku amemshika kwapa. Atong aliyumba, akatuliza mgongo, akachukua jani moja la mlonge lililodondoka, akalitazama kwa makini sana, akalitia mdomoni.

"Mama," Akuac alisema kwa Kidinka, "huyu ni Atong. Nimekuletea. Samahani nimechelewa." Alitaka kusema zaidi, maneno aliyoyapanga miaka yote, mazuri, ya darasani. Hayakuja. "Ana meno mawili," alisema.

Thiik alikuwa amekaa kitako, panga mapajani. Vigingi vya msingi bado vilikuwa ndani ya lori, na kila mmoja wao alijua kwamba vitasogezwa, vitazunguka mti huu, hata kama vyumba vinne vitakuwa vitatu. Hilo halikuhitaji kusemwa. Alikuwa anatafuta kitu kingine. Aling'oa nyasi moja iliyomponyoka.

"Akuac."

"Naam, kaka."

"Ile siku." Alikuwa ameacha Kiswahili, anasema lugha ya nyumbani, na ndani yake hakukuwa na kosa hata moja. "Mlimvisha nini?"

Miaka tisa. Akuac alimsogelea, akamweka mtoto kwenye mapaja yake makubwa, juu kabisa ya vumbi na nyasi, na panga akaliweka kando.

"Lile gauni la maua ya njano," alisema. "Ulilomletea wewe kutoka Khartoum. Ngoja nikuelezee tangu asubuhi."